Datsun 240Z iliyolala miaka mingi: namna ya kuikagua, kuinunua na kuiamsha

Ukiikuta imeegeshwa nyuma ya gereji, matairi yamelala na kuku wanataga chini ya boneti, usianze kwa kuomba ufunguo. Anza kwa kulala chini uitazame tumboni. Injini ya 240Z ni punda: ukiitunza kidogo tu, itavuta hata baada ya kusimama miaka kumi. Bodi ndiyo inayoamua kama unanunua gari au unanunua chuma chakavu. Wanunuzi wengi huumia kwa sababu walisikia injini ikinguruma, wakafurahi, wakalipa, kisha wakagundua kwamba mahali pa kuchomelea hapana bati lililobaki la kushikia.

Gari hili lilitoka Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na nje ya Japani likauzwa kama Datsun 240Z hadi 1973. Kwetu Afrika Mashariki lina heshima ya pekee. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena 1973. Ndiyo maana muuzaji atakwambia gari lake "lilikimbia Safari." Kama hana karatasi wala picha zinazoonyesha namba ya gari hilohilo, maneno hayo yasikuongezee hata shilingi moja kwenye bei.

Karatasi na namba

Namba ya chesesi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria. HS30 ni la usukani wa kulia, HLS30 ni la usukani wa kushoto lililotengenezwa kwa soko la nje. Ukiona S30 peke yake, hilo ni la soko la Japani lenye injini ya lita 2.0, na si 240Z hata kama nyuma limebandikwa nembo ya 240Z. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, upande wa kulia kwa juu, karibu na silinda ya sita, na huanza na L24, jina la injini ya 240Z. Linganisha zote mbili na logbook kama uko Kenya, au kadi ya gari kama uko Tanzania. Injini tofauti si kosa kubwa kwa gari la umri huu, lakini iwe imeandikwa kwenye kadi. Namba ya chesesi iliyosuguliwa, au bati lake lililokatwa na kuchomelewa upya, ni sababu ya kuondoka bila kujadiliana.

Kama gari liko nje ya nchi, zungumza na wakala wa forodha kabla ya kutuma pesa. Kenya hairuhusu mtumba uliozidi miaka minane uingie kwa njia ya kawaida, na Tanzania ada ya uchakavu hupanda kadiri gari linavyozeeka.

Kutu, mahali kwa mahali

Nenda na tochi, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, bisibisi butu, turubai la kulalia na chupa mbili tatu za maji. Jeki liwekwe chini ya krosimemba ya mbele (boriti inayokingama chini ya injini) au chini ya difu nyuma, kisha gari likalishwe kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Anza chini ya betri. Asidi humwagika, hula kisinia cha betri, halafu hushuka kwenye boriti iliyo chini yake. 240Z haina chesesi ya kujitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo chesesi, na boriti hizo za bati lililokunjwa ndizo zinazobeba injini na usukani. Sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, jua kazi si ya kuziba tundu bali ya kutengeneza boriti upya.

Kisha mwaga maji lita mbili kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, utazame yanatokea wapi. Yanatakiwa yatoke upesi nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakichelewa, mfereji umezibwa na majani, na bati lililo nyuma ya mudigadi wa mbele limekuwa likiloweka miaka yote hiyo. Yakidondoka miguuni pa abiria, bati la chini ya kioo limetoboka kwa ndani. Hapo ni mahali pabaya kuliko panavyoonekana, kwa sababu huwezi kupafikia bila kung'oa dashbodi na kioo.

Ondoa zulia. Sakafuni kuna matandiko ya lami ya kupunguza kelele, nayo huficha mengi. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza hunong'ona. Chini ya sakafu zimepita reli mbili ndefu ambazo mafundi wengi huziwekea jeki, na ndiyo maana karibu kila gari utalikuta zimepondeka. Kupondeka si msiba, lakini reli iliyopondeka hushika maji, kwa hiyo ijaribu kwa bisibisi kila sentimita kumi.

Sasa zunguka nje na sumaku. Pitisha kwenye kona ya chini nyuma ya mlango, pale sili (boksi la bati lililo chini ya mlango) inapokutana na tao la gurudumu la nyuma. Pitisha kwenye matao yenyewe, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, bati lililoshika taa za nyuma, na shimo la tairi la akiba. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Puti nyembamba ni kawaida ya gari la zamani. Puti inayoizuia sumaku kabisa ina unene wa kuficha tundu.

Mwisho tazama milango. Ishike kwa ncha uinue. Ikicheza, huenda ni bawaba tu. Lakini kama uwazi kati ya mlango na mudigadi wa nyuma ni mwembamba juu na mpana chini, gari limelegea katikati, yaani sili zimekwisha nguvu.

Namna ya kuamua ni hii. Matao, sakafu, kona za nyuma ya milango na mlango wa nyuma ni kazi ya fundi bodi wa kawaida mwenye subira. Boriti za mbele, bati linaloshika shokapu kwa juu, sehemu zinazoshikilia difu, na bati la chini ya kioo ni kazi ya fundi mahiri, na hao ni wachache. Ukikuta moja kati ya hizo nne, bei ishuke sana. Ukikuta mbili, lichukue kama gari la kukatia vipuri tu.

Kilichopotea ni ghali kuliko kilichoharibika

Vipuri vya injini si tatizo kubwa. Injini hii ni ya familia ya L, iliyotumika miaka mingi kwenye Datsun na Nissan nyingi, zikiwamo Laurel na Cedric, na L28 yenye lita 2.8 huingia mahali pake bila kukata kitu. Hata roka (vyuma vidogo vinavyosukuma valvu) za injini ya silinda nne ya Datsun 180B, gari lililojaa barabara zetu zamani, zinafanana na hizi.

Taabu iko kwenye vitu vidogo: taa za nyuma, dashbodi isiyopasuliwa na jua, saa zake, plastiki za ndani, vishikio, bampa, vioo vya milango. Gari bovu lenye kila kitu chake ni bora kuliko gari linalowaka lililovuliwa. Kabla ya kutaja bei, andika orodha ya kila kinachokosekana, utafute bei zake, ujumlishe pamoja na usafiri na ushuru. Jumla hiyo ndiyo unayoitoa kwenye bei ya muuzaji. Usilipe chochote kwa neno "inawaka." Hesabu injini kama imekufa, ikifufuka iwe faida yako.

Injini: usipige stata

Gari limefika nyumbani. Ondoa betri. Kishawishi kikubwa ni kuunganisha betri mpya na kujaribu, na hapo ndipo injini nzima huharibiwa kwa dakika moja: ringi zilizoshikwa na kutu hukwaruza silinda, valvu iliyokwama hugongwa na pistoni, kemu (shafti inayofungua valvu) inazunguka kavu.

Fungua plagi zote sita na uzipange kwa namba, ya kwanza ikiwa ya mbele. Yenye kutu inakuonyesha silinda iliyoingia maji. Changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na dizeli nusu kwa nusu, mimina mililita kumi hadi kumi na tano kila silinda, ufunike matundu kwa kitambaa, uache siku mbili. Weka gia huru. Shika boliti ya puli ya kranki kwa soketi ya milimita 27 yenye mpini mrefu, uzungushe kwa mkono upande wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Ikizunguka mara mbili kamili bila kugota, umepata injini.

Ikigoma, usining'inie kwenye bomba la kuongezea mpini. Ongeza mchanganyiko kila siku na uitikise mbele na nyuma kidogo kidogo. Baada ya siku saba bila dalili, fungua hedi. Boliti zake zina kichwa cha shimo la pembe sita la milimita 10. Safisha kila shimo la takataka kabla ya kuingiza ufunguo, la sivyo utaliviringa. Na kuna jambo moja ambalo fundi asiyeijua familia ya L hulikosea karibu kila mara. Kabla ya kuvua giya ya kemushafti, piga kabari ya mbao ngumu katikati ya cheni ya taimingi ili isilegee. Cheni ikilegea, kikaza cheni huchomoka ndani ya kifuniko cha mbele, na kukirudisha ni lazima uvue rejeta, puli na kifuniko chote.

Kama inazunguka, vua kifuniko cha valvu. Tazama ncha za kemu na roka. Ncha iliyolika, yenye mikwaruzo au iliyobapaa ni ugonjwa wa injini hizi, na husababishwa na oili isiyofika juu. Zenye bomba la kunyunyizia oili juu ya kemu, hakikisha vitundu vyake havijaziba. Mimina oili safi juu ya kemu nzima. Zungusha kranki tena kwa mkono na uhakikishe kila valvu inashuka na kupanda. Iliyokwama ipigiwe mafuta ya kulainisha kutu kwenye shina lake na igongwe taratibu kwa nyundo ya plastiki.

Rekebisha nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.20 kwa za kuingiza, 0.25 kwa za kutoa. Utajua ipi ni ipi kwa kutazama manifoldi iliyo mkabala nayo. Lokinati inafunguliwa kwa spana ya 17, na pivoti inageuzwa kwa ya 14. Ikishapata moto utazipima tena, na hapo zinatakiwa 0.25 na 0.30.

Mwaga oili ya zamani na uinuse. Ikinuka petroli, huenda kiwambo cha pampu ya petroli kimepasuka, maana pampu hii imefungwa pembeni mwa hedi na huvujia ndani ya injini. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Badilisha filta, jaza oili ya 20W-50 au 15W-40 yenye zinki ya kutosha, karibu lita 4.5, kisha umalizie kwa kijiti. Kemu za aina hii husuguana na roka moja kwa moja na zinahitaji zinki hiyo.

Sasa betri irudi. Plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umechomolewa, piga stata sekunde kumi, pumzika dakika, rudia, mpaka mshale wa presha ya oili upande. Hapo ndipo pa kupima kampresha, yaani msukumo wa hewa ndani ya silinda, kabureta zikiwa wazi kabisa. L24 nzima hutoa karibu psi 150 hadi 180. Kinachojalisha zaidi ni ulinganifu: silinda zote zikiwa kwenye 130, injini itafanya kazi. Tano zikiwa na 160 na moja 90, una kazi ya valvu au ringi. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Petroli iliyogeuka gundi

Magari mengi yaliyolala hayawaki kwa sababu ya tanki, na hayaendelei kuwaka kwa sababu hiyohiyo. Petroli ya miaka huwa gundi ya kahawia yenye harufu ya rangi ya mafuta, na tanki la lita 60 lililobaki nusu tupu huota kutu juu ya mstari wa petroli. Kuliosha tanki likiwa garini ni kujidanganya. Lina nati ya kumwagia chini. Mwaga, kisha lishushe.

Tia mita moja ya mnyororo mwembamba na lita chache za maji yenye sabuni, ulitikise mpaka mikono ichoke, suuza. Kisha jaza siki nyeupe au maji ya asidi ya limao, gramu 100 kwa lita, uache siku moja hadi mbili. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, halafu kausha siku hiyohiyo kwa hewa ya kampresa, kwa sababu chuma kilichosafishwa huota kutu ndani ya saa chache, hasa Pwani. Pulizia bomba la kunyonyea kutoka upande wa mbele mpaka hewa ipite wazi. Tanki likiwa na tundu, lisiguswe na moto wa welda yeyote asiyefanya kazi ya matanki. Mvuke uliobaki unatosha kumuua.

Badilisha mipira yote ya petroli, hata inayoonekana mizuri, na utie filta ya kioo kabla ya pampu ili uone kinachopita. Kwa kuwasha mara ya kwanza usitumie tanki kabisa. Peleka mpira kutoka pampu hadi kwenye galoni ya lita tano yenye petroli mpya, iliyofungwa imara mbali na egzosi.

Kabureta ni mbili, Hitachi za mtindo wa SU, na ni rahisi kuliko sifa zinazopewa. Vua kuba la juu la kila moja, toa pistoni na sindano yake, usafishe kwa dawa ya kabureta na kitambaa laini. Usiguse msasa. Kuba na pistoni yake zimetengenezwa kwa pamoja, kwa hiyo usichanganye za mbele na za nyuma. Ukishafunga, inua pistoni kwa kidole na uiachie: ishuke bila kusita na iguse chini kwa mlio wa "tak." Isiposhuka, kuna uchafu au sindano imepinda. Chomoa kijiti kilicho juu ya kuba, mimina oili ya SAE 20 kwenye tundu lake mpaka ifike alama ya kijiti. Bila oili hiyo gari litakohoa kila ukikanyaga. Pandisha nozeli hadi juu kabisa, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Huo ndio mwanzo.

Magari ya 1973 yaliyouzwa Marekani yalikuja na kabureta zenye kichwa bapa, ambazo petroli yake huchemka gari likisimama kwenye joto. Kwa hali ya hewa yetu, tafuta za kuba za miaka ya nyuma.

Moto na maji

Pointi mpya, kondensa mpya, rota na kifuniko kipya. Vyote ni rahisi na havistahili kubahatishwa. Uwazi wa pointi ni milimita 0.5, plagi ni NGK BP6ES kwa uwazi wa 0.8, na mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, distribyuta ikizunguka kinyume cha saa. Kama hakuna cheche kabisa na koili ni nzima, tazama saa ya mizunguko kwenye dashbodi. Kwenye magari haya umeme wa koili hupitia saa hiyo, kwa hiyo ikifa au soketi yake ikiota kutu, injini nzima inazimika. Fundi umeme asiyelijua hilo atabadilisha koili tatu.

Maji ya bomba matupu ndiyo yaliyoua hedi nyingi za alumini huku kwetu. Chuma cha bloku na alumini ya hedi vikikutana kwenye maji yasiyo na dawa, alumini huliwa taratibu mpaka njia ya maji inakutana na gasketi. Pitisha maji kinyumenyume kwa mpira wa bustani mpaka yatoke meupe, badilisha mipira yote na thamostati ya nyuzi 82, kisha jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, jumla karibu lita tisa. Rejeta yake ni ya shaba nyeupe na nyekundu. Usiitupe, mpelekee fundi rejeta aifungue matanki, aizibue kwa fimbo na kuilehemu.

Siku ya kuwasha

Gari liwe nje, mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe mkononi mwa mtu wa pili, asiyefanya kazi nyingine yoyote. Chombo cha kusafishia hewa kiwe kimeondolewa ili uone kabureta. Vuta choki, piga stata. Ikiwaka, tazama presha ya oili kwanza. Kama mshale haujapanda kwa sekunde kumi, zima. Mshale wa zamani hudanganya, basi funga geji ya mkono kabla ya kuilaumu pampu.

Iache kwenye mizunguko 1,500 hivi, usikanyage. Moshi wa buluu dakika kumi za mwanzo ni mchanganyiko ulioumimina, na utakwisha. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni kulanti ndani ya silinda. Mbadala wa mashine ya kulinganisha kabureta ni mpira mwembamba wa futi mbili: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Sikiliza mvumo wa kila moja, rekebisha skrubu za resi mpaka zivume sawa, kisha teremsha resi hadi mizunguko 750. Injini ikiisha kupoa, mwaga oili hiyo. Imeshafanya kazi yake ya kuosha.

Breki kabla ya barabara

Hapa hakuna kupima kwa macho. Mipira yote minne ya breki, miwili mbele na miwili nyuma, ibadilishwe, kwa sababu huvimba kwa ndani na kuizuia pedi isirudi. Dramu za nyuma ni za alumini zenye pete ya chuma ndani, na hugandamana na shuu. Usizigonge ukingoni, zitapasuka. Zina matundu mawili yenye nyuzi za boliti ya milimita 8. Legeza handibreki, ingiza boliti mbili, uzikaze kwa zamu, na dramu itajisukuma yenyewe nje. Silinda za ndani zitakuwa zimeshika. Zikiwa na vishimo vya kutu, usitie mipira mipya ndani yake, nunua nyingine. Vivyo hivyo masta silinda.

Ukifungua buusta (chombo kinachoongeza nguvu ya breki), chunga kidude cha mpira kama sarafu nene kilicho nyuma ya fimbo ya kusukuma. Kikianguka ndani bila kuonekana, pedali itaingia sana mwanzoni halafu breki zitashika kwa ghafla, na fundi atatoa hewa wiki nzima bila mafanikio. Toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa mafuta mapya ya DOT 4.

Matairi yenye zaidi ya miaka kumi yatupwe hata kama maua yake ni mapya. Namba nne zilizogongwa ubavuni ni wiki na mwaka. Rimu ni za inchi 14, na 195/70R14 huingia bila kugusa.

Bushi za chini nyuma zina pini ndefu inayopita kwenye mkono wa gurudumu, na ndiyo nati inayowatoa jasho mafundi kuliko zote. Ondoa kwanza pini ndogo ya kufungia iliyo katikati, kisha loweka siku kadhaa, kisha tumia presi. Nyundo kwenye nyuzi zake itaipanua kama uyoga na haitatoka tena. Mbele, ukibadilisha bushi za fimbo inayoshikilia mkono wa gurudumu, usitie poliyurethani ngumu pande zote mbili. Fimbo hukosa nafasi ya kujipinda na hukatika. Upande wa nyuma ubaki mpira wa kawaida.

Umeme na moshi

Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye boksi la fyuzi na swichi ya usukani bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa). Ndiyo maana boksi hilo hukutwa limeyeyuka. Sugua kila kishikio cha fyuzi, badilisha kilicholegea, kisha funga rilei mbili za ampea 30 karibu na betri ili swichi ibebe umeme mdogo tu. Waya za dunia zifungwe kwenye bati lililosuguliwa hadi liwe jeupe.

Kosa moja la 240Z ni la hatari na halionekani. Ukiendesha vioo vikiwa wazi, hewa nyuma ya gari huvuta moshi wa egzosi kuingia ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma na matundu ya nyaya. Badilisha mipira hiyo yote na uzibe kila tundu kabla ya safari ndefu. Ukisikia kichwa kinauma ndani ya gari hili, simama na utoke.

Bati, halafu rangi

Rangi ni ya mwisho. Gari linalopakwa rangi kabla ya kutembea kilomita mia tano hupasuliwa tena, na rangi huharibika mikononi mwa fundi.

Kabla ya kukata sili, chomelea vyuma vya mshazari ndani ya uwazi wa mlango, la sivyo bodi itajikunja na mlango hautafunga tena. Shusha tanki, chomoa betri na alteneta. Kata mpaka bati jeupe, usichomelee kiraka juu ya kutu. Tumia bati la milimita 0.8 hadi 1.0 kwa bodi na 1.2 kwa sakafu, mashine ya MIG yenye waya wa 0.6, na chomelea nukta moja moja ukiruka huku na kule ili joto lisikunje bati. Ndani ya sili na boriti zilizofungwa, pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya asili, na urudie kila mwaka kama gari linakaa Mombasa, Tanga, Zanzibar au popote upepo wa chumvi unapofika.

Safari ya kwanza iwe kilomita tano. Rudi, pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa: lenye joto kuliko wenzake, breki yake imeshika. Tazama chini kama kuna tone, kaza nati za magurudumu, soma oili na kulanti. Kilomita mia ya kwanza usipande juu ya mizunguko 3,500. Ukifika mia tano badilisha oili na filta, pima valvu zikiwa moto, fungua filta ya petroli ya kioo. Ikiwa na vumbi jekundu, tanki lishuke tena.